Zamu Niliyoita Siku ya Kura

Pale kilimani kwetu, juu ya barabara ya Sake kwenda Masisi, watu bado husema kwamba wamama hawakushuka kupiga kura mwaka ule kwa sababu ya mvua. Mimi ndiye niliyeanzisha maneno hayo, na kila ninapoyasikia yakirudiwa natazama chini. Mvua ilinyesha, ndiyo. Ilinyesha usiku, ikakatika kabla ya jogoo kuwika, na asubuhi jua lilikuwa limeshashika migomba. Mvua haikuwa na kosa lolote.

Wakati ule nilikuwa kiongozi wa likilimba yetu. Likilimba ni kundi la zamu: wamama wa kilima wanalima leo shamba la huyu, kesho la yule, hadi kila mmoja afikiwe. Hakuna mshahara, malipo yako ni siku yako. Mwenye zamu anachagua siku, na alfajiri mimi napiga filimbi nikiwa juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba yangu. Ukisikia filimbi unachukua jembe. Mgonjwa anasamehewa, mwenye msiba anasamehewa, aliyejifungua anasamehewa hadi mtoto akaze shingo. Wengine wote wanakuja, maana asiyekuja kwa mwenzake atalima peke yake siku yake ikifika. Niliipenda filimbi ile kupita kiasi. Mume wangu alinitania kwamba hata kanisani natamani kuipiga mahubiri yakirefuka.

Kwa sababu ya filimbi hiyohiyo, chama chetu kilinifanya mkubwa wa wamama wa kilima. Waliona kwamba mtu anayeweza kuwatoa watu kitandani kabla ya jua anaweza pia kuwapeleka mkutanoni. Hawakukosea.

Kwa kawaida jina la mgombea wa chama linatoka Goma limeshapikwa na kupakuliwa, sisi tunaletewa picha tu. Mwaka ule wakubwa waligombana wenyewe kwa wenyewe, wakashindwa kupatana, mwisho wakatuma neno kwamba sisi watu wa milimani tuchague mtu wetu wa kugombea udeputé, yaani ubunge, wa jimbo. Wakajitokeza wawili.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule yetu. Huyo alinifundisha kusoma nikiwa tayari nina watoto watatu, katika darasa la watu wazima nyuma ya kanisa, na hakuwahi kunicheka hata siku niliposhika kitabu juu chini. Kwangu mimi hapakuwa na mtu mwingine wa kuchagua.

Wa pili alikuwa muuguzi wa kituo chetu cha afya. Alikuwa mzaliwa wa Walikale aliyeolewa kwetu, mumewe akafa, yeye akabaki na kituo na kipande cha shamba. Alikuwa mwanachama wa likilimba kama sisi wote, na alilima vizuri. Lakini nilikuwa na kinyongo naye cha miaka. Siku moja ya kupima watoto, mbele ya wamama wote, alitazama karatasi ya kitinda mimba wangu na kusema, "Mama, wewe unapigia wengine filimbi, na mutoto wako bado hajachanjwa." Alisema kweli. Mtoto alichanjwa saa ileile, akalia, akanyamaza, akasahau. Mimi sikusahau.

Tulichagua kwa kupanga mistari kwenye uwanja wa kanisa. Unayemtaka, unasimama nyuma yake. Nilikuwa wa kwanza nyuma ya mwalimu, karibu kabisa, hata niliona uzi uliotoka kwenye kola ya shati lake. Sikugeuka. Nilihisi watu wengi nyuma yangu, nikajiambia kwamba mstari wetu umefika kwenye mikaratusi. Walipomaliza kuhesabu niligeuka, nikaona kwamba umeishia mlangoni mwa kanisa. Mstari wa muuguzi ulikuwa umezunguka kona, na watu wa upande wa Muheto, kilima jirani, walikuwa bado wanajipanga mahali ambapo sikuweza kuwaona.

Mwalimu hakungoja mtu amwambie la kufanya. Alivuka uwanja, akashika mkono wa muuguzi, akauinua juu. "Kuanzia leo hakuna batu ya mwalimu," alisema. "Siye wote tuko batu ya mama." Halafu akanitafuta kwa macho. "Na wamama wa kilima, ni nani atawashusha mpaka ku centre siku ya kura? Mama, ni wewe?"

Kituo cha kupigia kura kilikuwa katika shule iliyo chini barabarani, mwendo wa saa moja na nusu kushuka. Wamama wengi hawakuwa tayari kwenda huko bila mtu wa kuwatangulia. Watu wote walinitazama. Nikasema kwa sauti kubwa, "Nitawashusha mimi mwenyewe." Walinipigia makofi, nami nikapiga makofi pamoja nao, kama mtu anayempongeza mwingine.

Ahadi ilitoka mdomoni tu. Kisimani, siku zilizofuata, nilikuwa na maneno yangu mengine. Niliwauliza wamama kama Masisi imekosa watu hadi tukaazime Walikale. Nilijua kwamba mwanamke yule alikuwa amekaa kilimani kwetu muda wa kutosha kumzika mume na kuwapokea wakizaliwa nusu ya watoto waliokuwa wakichota maji pale, na bado nikayasema. Wengine walicheka. Picha zake ambazo chama kilinipa nizigawe nilizilaza chini ya godoro, nikajiambia nitazigawa wiki ijayo. Ziliota mikunjo huko.

Wakati mimi nikisuka maneno hivyo, mwalimu alikuwa akifanya kazi. Alichora kwa chaki, kwenye ubao wa darasa lake, uso wa mashine ya kupigia kura, na namba ya muuguzi ndani yake. Aliwafundisha wazee na wamama kuitambua, kidole kwa kidole, kwa uvumilivu uleule alionifundishia mimi herufi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikimwonea huruma. Nilidhani anajidhalilisha. Sikujua kwamba nilikuwa namtazama mtu aliyekomaa kuliko mimi.

Zikiwa zimebaki siku chache, muuguzi alikuja nyumbani kwangu mchana. Nilimpa kiti na chai ya maziwa, maana mgeni ni mgeni. Alikunywa polepole, akaweka kikombe chini, akaniambia jambo ambalo nadhani hakumwambia mtu mwingine pale kilimani.

"Mama, kwa kuingia mu uchaguzi walinisainisha barua ya kuacha kazi. Mu nafasi yangu wameshaandika mwengine. Nikianguka, sirudi tena mu kituo. Sina kazi ingine huku."

Nikamuuliza atafanya nini.

"Nitarudi kwetu Walikale. Lakini sitaki. Mume wangu amelala huku." Alinitazama usoni. "Njo maana nimekuja kwako. Wamama wako njo kura yangu. Batu ya Muheto watashuka, najua. Wa kwako njo siko na hakika."

Nilimshika mkono. Nilimwambia, "Usiwaze, dada." Nilimsindikiza hadi kwenye migomba, na kurudi nikamtengenezea mume wangu hadithi ya jinsi muuguzi alivyokuja kunipigia magoti. Hakupiga magoti. Alikaa wima kwenye kiti.

Basi, kuhusu maharagi ya shamba langu. Yalikuwa yamekomaa kweli, sikuyabuni. Siku mbili kabla ya kura nilipita shambani nikabana ganda moja, likapasuka mkononi. Zamu yangu ya mavuno ilikuwa haijaitwa. Wazo halikunijia kwa hasira. Lingekuja kwa hasira labda ningeliogopa. Lilikuja taratibu, likavaa nguo za busara. Mvua zipo, likasema. Maharagi yakilowa tena yatachipua ndani ya maganda, na watoto watakula nini? Zamu ni yako, siku unachagua wewe. Na hakuna aliyekutuma umwambie mtu asipige kura.

Hilo la mwisho nilijivunia sana. Sikumwambia mtu asipige kura. Niliita zamu tu.

Alfajiri ya siku ya kura nilipanda juu ya jiwe na kupiga filimbi. Bado nausikia mlio ule, na jinsi ulivyonijia tena kutoka ng'ambo ya bonde. Wamama walikuja. Baadhi walikuwa wamevaa vitenge vya Jumapili chini ya vile vya shamba, na kadi zao za kura zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya kitambaa, fundo dogo kiunoni. Walifikiri filimbi ni ya kushuka. Nikawaonyesha shamba.

Mmoja wao, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, aliuliza, "Na kura, mama?"

"Tumalize kwanza. Tutashuka wote pamoja."

Hakubishana. Ni kiongozi gani wa likilimba anayebishiwa siku ya zamu yake? Waling'oa kwa haraka, kwa sababu walitaka kushuka, na mimi kila walipokaribia mwisho nilipata kazi nyingine. Tulipomaliza kung'oa nikasema tuyabebe hadi uwanjani kwangu. Tulipoyabeba nikasema tuyatandaze. Nikakumbuka kipande cha juu, karibu na msitu, ambacho kingeweza kungoja wiki nzima, nikawapandisha huko. Jua lilipanda, likapita juu ya vichwa vyetu. Wamama waliacha kuimba. Hawakunitazama, na mimi nikajifanya sioni kwamba hawanitazami.

Mchana ulikuwa umeshaanza kuinama muuguzi alipotokea kwenye kona ya njia. Alikuwa anapanda mbio. Kitenge kilikuwa na matope hadi magotini, viatu ameshika mkononi, kidole chake kimoja cheusi kwa wino wa kura. Alisimama kwenye ukingo wa shamba akishindwa kupumua.

"Kuko nini huku?" alisema. "Niko nawangoja tangu asubui. Niliwaza vita imefika. Niliwaza wamewakamata mu njia."

Kila ninapofika hapo katika kumbukumbu hii nataka kuruka mbele. Mwanamke alikuwa amesimama penye shule tangu kituo kufunguliwa, akitazama njia ya kilima chetu, na alipoona hakuna anayeshuka hakufikiri kwamba tumemwacha. Alifikiri tumekufa. Akapanda mlima kuja kututafuta, siku ambayo kila dakika yake ilikuwa na thamani, kuja kuangalia kama tuko wazima. Na alitukuta tuko wazima, na maharagi mikononi.

Alitazama shamba, akatazama marundo, akanitazama mimi. Nadhani alielewa haraka.

"Bado saa iko," alisema taratibu. "Tukitelemuka sasa hivi, watatupokea."

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Si alfajiri, alfajiri nilikuwa bado nina visingizio. Hapo. Ilikuwa neno moja tu, twendeni, na wamama wangenitangulia mbio. Walikuwa wameshanyoosha migongo. Mama kijana aliweka tita lake chini na kuanza kujifuta mikono.

Nikasema, "Mvua ilinyesha, njia iko mrefu. Na maharagi haijaisha." Nikamgeukia mama kijana. "Zamu njo zamu."

Akaliokota tita lake.

Ingetosha, lakini sikutosheka. Nilikuwa na aibu tayari, na aibu yangu ina tabia mbaya, inatafuta mtu wa kumuuma. Nikamwambia muuguzi, "Na wewe uko mu likilimba. Leo hatukukuona."

Wamama waliacha kazi kabisa. Muuguzi aliweka viatu vyake kwenye jiwe. Akaingia shambani, akachagua mstari ambao haujaguswa, akainama. Aling'oa mstari mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka na bila kuruka shina, akayapanga maharagi yake mizizi upande mmoja jinsi tunavyopenda. Kidole chenye wino kilikuwa kinaingia na kutoka ndani ya majani. Hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza alichukua viatu, akasema, "Zamu yako nimefanya, mama," akatelemka peke yake.

Sisi tuliendelea hadi jioni. Sikumbuki mavuno mengine yaliyokuwa mazuri kama yale, na tuliyala mwaka mzima.

Muuguzi alianguka. Mwalimu alishuka kusoma karatasi ya matokeo iliyobandikwa kwenye ukuta wa shule, akarudi amekunja uso. Muuguzi alikuwa amepitwa kwa kura chache sana, chache kiasi kwamba watu walianza kuzitaja nyumba kwa nyumba: nyumba ya fulani ingekwenda, na ya fulani, na ya fulani. Pengo lilijaa kabla hawajazimaliza nyumba za likilimba yangu. Nilisimama palepale wakitaja. Niliwaza shamba langu siku ile, migongo yote iliyoinama, na mafundo yale madogo kiunoni, na nikajua kwamba pengo lile tungelijaza na kubaki.

Mwalimu aliniuliza mbele ya watu, baada ya ibada, wamama walipatwa na nini. Hakuuliza kwa ubaya. Muuguzi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu.

"Mvua, Mwalimu," nilisema. "Njia iliharibika."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamgeukia muuguzi kumfariji. "Mama, ni mvua njo ilituangusha."

Muuguzi alinitazama. Nilimwomba kwa macho, sijui nilikuwa namwomba nini. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Ni mvua."

Ningependa angenitukana. Ningejua pa kusimama. Mwalimu aliniamini, na bado ananiamini, na kila akinisalimia kwa heshima nasikia uso unanichoma. Nilijidanganya kwamba nilifanya yote kwa ajili yake. Lakini yeye alikuwa amemtumikia mwanamke aliyemshinda tangu siku ile ya uwanjani, kwa chaki na kwa miguu, na siku ya kura alishuka peke yake mapema kuwapanga wazee. Nilimfanyia uaminifu ambao hakuuomba, kwa njia ambayo angeitemea mate.

Muuguzi mpya alikuja, kijana anayelala chini barabarani na kupanda kwetu mara mbili kwa wiki, njia ikiwa nzuri. Siku nyingine zote wagonjwa wanashushwa kwa kubebwa. Hakuna anayeniambia kitu wakipita mbele ya nyumba yangu na machela.

Wiki kadhaa baada ya matokeo, muuguzi alikuja tena nyumbani kwangu. Hakukaa. Alisema, "Mama, zamu yangu ya msimu bado iko. Naomba kesho."

Kila mwanachama anayo haki hiyo. Nilimuuliza kama ni kupalilia.

"Utaona," alisema.

Alfajiri nilipanda juu ya jiwe, filimbi mdomoni, na kwa mara ya kwanza pumzi ilikataa. Nikapiga mara ya pili. Wamama walikuja wote, hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya ugonjwa. Tulikwenda na majembe hadi nyumbani kwake, karibu na kituo cha afya, tukakuta mlango wazi na vitu vyake vyote uwanjani: sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba, sufuria ndani ya beseni, viti viwili, magunia, picha ya mume wake imefungwa katika kitenge. Shamba lake lilikuwa limepaliliwa tayari. Alikuwa amelipalilia peke yake.

"Majembe muwache hapa," alisema. "Leo ni kubeba. Kuko lori ku barabara, inaenda Masisi, na kule nitapata ya Walikale."

Mama kijana alichukua beseni. Wengine waligawana viti na magunia. Mimi nilichukua sanduku, kwa sababu ndilo lililokuwa zito, na nilitaka liwe zito zaidi. Alinitazama nikijitwika, akaniambia kwa upole kabisa, "Piga filimbi, mama, tuanze."

Nikapiga.

Tulishuka kwa mstari mmoja, wamama wote wa kilima, mimi mbele kama nilivyoahidi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa na utelezi kuliko siku ile. Hakuna aliyeanguka, wala aliyeomba tupumzike. Tulivuka kijito, tukapita kwenye malisho ya ng'ombe, tukafika kwenye ile shule iliyo kando ya barabara. Kwenye ukuta kulikuwa bado na gundi na kipembe cha karatasi ya matokeo. Jua lilikuwa bado chini.

Lori lilikuwepo. Vijana wa dereva walipokea vitu, godoro likawa la mwisho. Muuguzi alituaga mmoja mmoja, kwa mikono miwili, na watoto waliokuwa migongoni, wale aliowapokea mwenyewe wakizaliwa, akawagusa vichwa. Mimi aliniacha wa mwisho.

Alitazama kilima nyuma yetu, kule tulikotoka, kisha akanishika mkono.

"Umeona, mama?" alisema. "Njia haiko mrefu."

Akapanda. Lori likaondoka kuelekea Masisi, na sisi tukaanza kupanda kurudi nyumbani, mikono mitupu.